Tonge la Saa Tisa

Tumbo lake ndilo lililonisalimu kwanza. Lilinguruma ndani ya spika ndogo iliyo mezani kwangu, mngurumo mrefu wa kujikunja, kama pipa tupu linaloviringishwa juu ya mawe. Likanyamaza. Likaanza tena kwa sauti nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa bado nimeinama nikiandika jina la mgonjwa kwenye kompyuta. Nilipoinua kichwa, kupitia kioo niliona nyayo mbili tu zimechomoza kwenye mdomo wa mashine, zimevaa soksi nyeupe, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikipigapiga hewani.

"Mwalimu Tsigereda," nikasema kwenye kipaza sauti, "usitikisike."

"Sitikisiki."

"Nasikia."

"Unachosikia ni tumbo. Tumbo silishiki mimi."

Mimi ni Surafel. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu nikiendesha mashine ya MRI katika kituo cha vipimo karibu na Arat Kilo, na sikuwa mtu wa kujishusha. Picha za goti zilizotoka mikononi mwangu zilifika hadi kwa madaktari wa mji wa mbali wa Hawassa, nao walizitambua kabla hawajasoma jina la mpigaji. Ubongo, bega, uti wa mgongo, vyote nilivipiga vikasimama kana kwamba vimechongwa. Nyonga peke yake, na viungo vilivyo ndani yake, ndiyo iliyonitia aibu, na si siku zote. Kuna miezi ilikubali na kuna miezi ilikataa, nami miezi ilipokataa nilimpigia simu fundi wa mashine na kumtukana kwa adabu.

Picha ya nyonga haipigwi kama picha ya harusi, ukasema tabasamu, ukabonyeza, ukaondoka. Mashine hukusanya kidogo kidogo, dakika nne hapa, dakika tano pale, na kila kinachosogea katika dakika hizo humwaga kivuli chake juu ya jirani zake. Mgonjwa anaweza kulala kama gogo, lakini utumbo wake ukicheza, kazi imekwisha. Na utumbo uliojaa hewa hupinda hata kile ambacho hakikusogea. Nilikuwa nimemchoma sindano ya kutuliza utumbo. Ilifanya kazi dakika kumi, kisha tumbo likaishinda nguvu.

Katikati ya kipimo akaomba kwenda chooni. Nikamtoa, akaenda, akarudi, nikaanza upya. Mashine ikagonga, ko-ko-ko-ko, na kila ilipopumzika, tumbo likaitikia. Picha zilipokuja kwenye kompyuta yangu niliziangalia nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda. Mfuko wa uzazi ulionekana, lakini kingo zake zilikuwa tatu tatu, kama mtu anayekimbia. Nyuma yake, pale unapopakana na utumbo, mahali pekee ambapo daktari alitaka kupaona, palikuwa na ukungu.

Nikamtoa. Akaketi kwenye ukingo wa meza, shuka begani, akinitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Umekula?"

"Nimefunga tangu jana usiku."

"Sikuuliza kama umefunga. Nimeuliza kama umekula."

Akautazama mlango. Nikafuata macho yake, nikatoka hadi kwenye mabenchi ya kusubiria. Pale alikaa mama mkwe wake, Bi Asnakech, mwanamke mfupi mwenye shali nyeupe na alama ya msalaba ya bluu kwenye paji la uso. Mapajani alikuwa na kikapu cha safari kilichovikwa ngozi, na harufu iliyotoka ndani yake ilinijibu kabla yake.

"Emama," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita kila mwanamke wa rika la mama zetu, "mkweo amekula nini leo?"

"Kidogo tu, mwanangu. Kengele ya saa tisa imelia tukiwa hapo getini, ibada imekwisha, mfungo umefunguliwa. Shiro ya unga wa kunde, dengu kidogo, kabichi. Mwenyewe hakutaka, anasema daktari, daktari. Nikamlisha kwa mkono wangu."

"Mara ngapi?"

"Swali gani hilo? Mara tatu. Nani anampa mtu tonge moja? Kwani namchukia?"

Ilikuwa wiki ya tano ya Mfungo Mkuu wa kabla ya Pasaka. Kipimo chake kilikuwa saa kumi alasiri.

"Karatasi inasema masaa sita kabla ya kipimo asile kitu."

"Sita?" Bi Asnakech akafungua vidole vyake na kuvikunja kimoja kimoja. "Tangu jana saa tatu usiku hadi leo saa tisa mchana. Hesabu wewe uliyesoma. Sita mlizotaka amewapa mara tatu."

Fikirte, dada wa mapokezi, akajificha nyuma ya kompyuta yake akicheka. "Amekushinda, Bwana Picha."

Ningecheka na mimi, ndiko kulikokuwa na heshima. Lakini mtu mwenye majivuno akichekwa kazini kwake hugeuka mbwa. Nikawaambia mbele ya watu wote waliokaa kwamba matonge yao matatu yamemwagia maji kazi ya dakika arobaini, kwamba mashine ile haijui mapenzi ya mama mkwe, na kwamba asiyejua kusoma ana udhuru wake, ila mwalimu mzima hana.

Bi Asnakech akainamisha macho kwenye kikapu. Tsigereda alikuwa ametoka, amekwisha kuvaa, ameshika viatu mkononi.

"Nina darasa la pili," akasema polepole. "Watoto sitini na wawili. Mtoto asipoelewa simfokei. Najiuliza nilimweleza vipi. Wewe ulinieleza lini?"

"Ulipewa karatasi."

"Fikirte ndiye aliyenipa karatasi. Wewe leo ndiyo kwanza unanitazama usoni. Na karatasi yako niliisoma. Nilijua nisile. Sasa niambie, kwenu, mama mkwe akikunyooshea tonge mbele ya geti, mkono uko hapa mdomoni, unamwambiaje? Ngoja nimtafute Surafel?"

Kwetu hakuna mtu aliyewahi kukataa gursha, tonge la kulishwa kwa mkono, ya mama mkwe akaendelea kuishi kwa amani katika nyumba hiyo. Simu ikaniokoa, au niseme, ikanimaliza. Alikuwa Dokta Haregewoin, daktari wa upasuaji, ambaye picha zilimfikia kompyutani kwake zikiwa bado za moto.

"Surafel, hiki ulichonitumia ni nini? Ukungu wa mlima wa Entoto?"

"Dokta, mgonjwa alikula."

"Na wewe ulimpiga picha akiwa amekula." Akashusha sauti. "Nisikilize. Nyama za ndani ya mfuko wake wa uzazi zimeota nje. Hilo tunalijua. Tusilojua ni kama zimeingia kwenye utumbo. Alhamisi saa mbili asubuhi naingia naye chumba cha upasuaji, chumba nilichokingoja miezi minne. Nikijua utumbo ni mzima, nasafisha na kufunga. Nisipojua, siwezi kuingia mikono mitupu. Itabidi nimwite mpasuaji wa utumbo, na nimwambie binti wa watu ajiandae kuamka na mfuko wa choo tumboni. Miezi sita, pengine zaidi. Nataka picha, si ukungu."

Nilimweleza Tsigereda, maana alikuwa amesimama palepale na alisikia nusu. Hakulia. Aliinama akavaa kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Mfuko wa choo," akasema. "Mbele ya watoto sitini na wawili." Kisha akamgeukia mama mkwe wake na kumshika bega. "Si wewe, Emaye. Usiniangalie hivyo. Si wewe."

Daftari la mashine lilikuwa limejaa wiki tatu mbele. Nililifungua, nikalifunga, nikalifungua tena kana kwamba nafasi ingeota. Nafasi iliyokuwa yangu kuitoa ilikuwa moja tu.

"Keshokutwa, Jumatano, saa saba mchana," nikasema. "Ni saa yangu ya chakula. Njooni."

Nikampa Tsigereda dawa ya kusafisha tumbo, kisha nikachukua karatasi nyingine ya maelekezo na safari hii nikampa Bi Asnakech mkononi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kikapu. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaitazama kwa makini. Aliishika kichwa chini miguu juu. Fikirte akaacha kucheka. Mimi nikakumbuka nilichosema dakika chache zilizopita kuhusu wasiojua kusoma, na nikatamani mashine initafune.

Usiku huo sikutulia, na Jumanne niliingia kazini kabla ya wafagiaji. Kulikuwa na jambo lililokuwa likinitekenya tangu jana, nami nikafungua kabati la picha za zamani kwenye kompyuta. Nilizipanga za nyonga peke yake, mwaka hadi mwaka. Mwaka jana, Januari, safi. Februari mwanzoni, safi. Kisha wiki nane za ukungu. Kisha Pasaka, na siku chache baada ya Pasaka picha zikawa kali kama wembe. Mwaka uliotangulia, vivyo hivyo. Na mwaka huu, tangu Mfungo uanze, ukungu tena. Mfungo wa Agosti pia, wiki mbili za ukungu.

Miaka mitatu nilimtukana fundi. Mashine haikuwa na kosa hata siku moja. Jiji zima lilikuwa linakula shiro, kunde, dengu na kabichi siku hamsini na tano, na mimi nilikuwa nawalaza watu hao mezani na kusikiliza matumbo yao bila kuuliza swali la mtoto wa darasa la pili: umekula nini jana? Karatasi yangu ilihesabu masaa. Haikusema neno juu ya dengu.

Nikamwonyesha Fikirte.

"Kwa hiyo ni dengu," akasema.

"Ni dengu."

"Umeongoza kwa kila mtihani chuoni, na umeshindwa na dengu."

Nilipiga simu nyumbani kwa Tsigereda. Alikuwa shuleni, Bi Asnakech ndiye aliyepokea, na sauti yake iliponitambua ikawa fupi.

"Nasikiliza."

"Emama, jana nilikukosea adabu."

"Ulimkosea adabu mama yako aliyekulea. Mimi ulinichekesha tu. Sema."

"Leo anakula nini?"

"Nimempikia dengu. Unafikiri nini, ni mfungo."

Nikaruka kutoka kwenye kiti. "Usimpe. Tafadhali. Leo hakuna dengu, hakuna kunde, hakuna shiro, hakuna kabichi. Injera pia iache, ni mkate wa chachu. Wali mweupe, viazi vilivyomenywa, mkate mweupe, maji ya asali. Jioni atumie dawa ya kusafisha tumbo niliyompa, na kesho asubuhi tena."

"Wali mkavu na viazi. Mtu anayekwenda kupasuliwa." Nilimsikia akivuta pumzi. "Sasa atashiba nini, mwanangu, hewa?"

"Hewa ndiyo hasa nisiyoitaka, Emama. Hewa ya dengu ndiyo iliyoharibu picha ya jana."

Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, akakizuia. "Na kesho?"

Nikaanza kumweleza: saa moja asubuhi mwisho wa kila kitu, kahawa hapana, maji mafunda machache, saa sita mchana aende haja ndogo kisha asiende tena, kibofu kisijae wala kisiwe kitupu... Akaanza kurudia maneno yangu na kuyachanganya. Hakuwa na kalamu. Hata angekuwa nayo. Binti angerudi jioni amechoka, yeye ndiye angekuwa jikoni, na jikoni ndiko vita vilikokuwa.

Mimi huwa natunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwa kuhesabu vidole, na najua mizani ikikaa sawa hata mtu asiye na kalamu hulibeba shairi. Nikamwambia asubiri. Nikaandika nyuma ya karatasi yangu ile ile, nikafuta, nikaandika. Kisha nikamsomea:

*Kunde leo hapikiwi, wala shiro ya jioni,*
*Kesho chai hatiliwi, wala tonge mdomoni,*
*Kahawa haandaliwi, ibaki mwake jikoni,*
*Mpishi halaumiwi, mikono i mapajani.*

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Tena, mstari wa mwisho."

Nikausema. Akaurudisha wote, kutoka mwanzo, bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayepepeta nafaka. Kisha akasema, "Mpishi halaumiwi. Hilo umeliandika kwa sababu ya jana."

"Ndiyo, Emama."

"Haya. Lakini dengu hizi nitazipeleka wapi?"

"Wape majirani."

"Majirani watapigwa picha lini, nijue?"

Jumatano nilikuwa mtu wa kuudhi. Nilipiga magoti mawili na shingo moja asubuhi ile huku nikitazama saa zaidi ya picha. Nilipanga sindano, nikazihesabu dakika zake: inachomwa akiwa amekwisha kulala mezani, koili inayonasa picha imefungwa, kila kitu tayari, si mapema. Jumatatu niliichoma mapema ili nijitafutie wepesi, na nguvu yake ikaishia njiani. Hilo pia lilikuwa langu. Nikaitengeneza meza, nikaivuruga, nikaitengeneza tena. Saa sita na nusu nilikuwa mlangoni.

Walikuja wakitembea, Tsigereda mbele, mama mkwe nyuma. Na mkononi mwa mama mkwe, kikapu.

Nilikwenda kuwapokea nikiwa nimebana meno.

"Emama. Kikapu."

"Kikapu."

"Kina nini?"

"Kina chakula. Unataka nibebe mawe?" Akakiinua nikione. Alikuwa amekifunga kwa shali yake nyeupe, mafundo manne, ya aina ambayo mtu hayafungui bila meno. "Kitafunguliwa akimaliza. Na jana alikula wali mtupu kama mgonjwa wa hospitali. Muulize."

Nikamuuliza. Niliuliza kila kitu, nimekaa naye benchi, uso kwa uso. Jana mchana nini, jana jioni nini, dawa ilifanya kazi mara ngapi, leo umeweka nini mdomoni, mara ya mwisho kwenda haja ndogo ni lini. Alijibu kama mwalimu anayejibu mkaguzi.

"Na kahawa?"

"Harufu tu. Majirani walikaanga. Nilifunga dirisha."

"Tumbo likoje?"

"Kama nyumba iliyohamwa."

Nikamlaza. Nikafunga koili juu ya nyonga yake, nikambana kwa mkanda kwa upole, nikamweka mto chini ya magoti ili mgongo usimsumbue, kwa sababu mgongo ukiuma mtu hujisogeza bila kujua. Nikamchoma sindano.

"Utasikia mdomo umekauka, na moyo utaenda mbio kidogo. Ni dawa. Usiogope."

"Moyo unaenda mbio tangu Jumatatu," akasema. "Hautajua tofauti."

Nikaenda nyuma ya kioo. Ko-ko-ko-ko. Awamu ya kwanza. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Niliongeza sauti ya spika hadi nikasikia pumzi yake. Mashine ikapumzika.

Kimya.

Awamu ya pili, ile ya picha za kumkata kwa urefu kutoka ubavu hadi ubavu. Dakika tano. Kidole gumba kwenye soksi nyeupe hakikucheza. Nilikuwa nahesabu sekunde kwa midomo wakati niliposikia mngurumo, mrefu, wa kujikunja, wa pipa juu ya mawe. Nikaganda. Nikaitazama spika. Nikamtazama yeye kupitia kioo, ametulia kama sanamu. Mngurumo ukaja tena, na safari hii nikauhisi chini ya mbavu zangu mwenyewe. Lilikuwa tumbo langu. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana.

Picha za awamu hiyo zikaja. Sikukaa. Niliegemea meza kwa mikono miwili. Mfuko wa uzazi ulikuwa na ukingo mmoja, mmoja tu, mkali. Nyuma yake palikuwa na utumbo, umelala, umesinyaa, hauna hewa. Na kati yao, pale palipokuwa na ukungu Jumatatu, palipita mpaka, mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kufumia shali, ukishuka, ukishuka, ukikatika mahali pamoja, kisha ukiendelea.

Mahali pamoja. Nilipatazama hadi macho yakaniwasha. Kazi yangu ni kupiga, si kusoma. Anayesoma ni daktari. Nikamaliza awamu zote, nikatuma, nikamtoa mgonjwa.

"Vipi?" akauliza.

"Zimetoka safi."

"Nimeuliza vipi, sio zimetokaje."

"Mwalimu, hilo si langu kusema."

Akanitazama akijaribu kunisoma usoni, nami nikajitahidi kuwa ukuta. Tukaenda kukaa kwenye benchi pamoja na Bi Asnakech na kikapu chake chenye mafundo. Ningeweza kubaki ndani. Mgonjwa wa saa nane alikuwa wa goti, kazi ya haraka; nikampiga nikarudi. Tsigereda alikuwa akitembea ukutani kwenda na kurudi, kama anasimamia mtihani. Bi Asnakech alikuwa amekaa juu ya mikono yake, kabisa, kiganja cha kulia chini ya paja la kulia, cha kushoto chini ya la kushoto.

"Mapajani, Emama, si chini ya mapaja," nikamwambia.

"Juu hainisikii," akajibu.

Simu ililia saa tisa kasoro dakika tano. Dokta Haregewoin hakunisalimia.

"Yuko karibu? Mpe."

Nikampa. Tsigereda akasikiliza, mkono wake wa pili ukiwa ukutani. "Ndiyo... Ndiyo, Dokta... Kikubwa kiasi gani?" Akasikiliza tena, muda mrefu. Akakaa, akanirudishia simu bila kunitazama.

"Amesema kimoja," akamwambia mama mkwe wake. "Kipo kinundu kimoja tu kwenye utumbo, juu juu, hakijaingia ndani. Sawa na punje ya dengu. Amesema anajua kiko wapi hasa, atakikwangua. Hataukata utumbo. Hakuna mfuko."

Bi Asnakech aliichomoa mikono yake kutoka chini ya mapaja, imekufa ganzi, akaikung'uta, akajifunika nayo uso. Mabega yakamtikisika. Alipouonyesha uso tena ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka.

"Punje ya dengu," akasema. "Mchokozi hata huko ndani."

Dokta bado alikuwa kwenye simu. "Surafel. Ulibadilisha nini kwenye mashine?"

"Hakuna, Dokta. Nilibadilisha chakula cha mchana."

Kengele ya kanisa ikalia saa tisa. Bi Asnakech akaanza kupambana na mafundo ya shali. Mawili yaliachia, mawili akayang'ata. Chakula cha Tsigereda kilikuwa pembeni, kwenye bakuli lake, wali na viazi, maana kesho yake alikuwa anaingia kupasuliwa. Upande wa pili kulikuwa na injera, shiro nzito, na dengu, zile zile za Jumanne, majirani hawakupewa. Akachana kipande, akakunja tonge kubwa la kuziba mlango, na badala ya kumgeukia mkwewe akaunyoosha mkono kwangu.

Miaka mitatu pale sikuwahi kupokea tonge la ndugu wa mgonjwa. Nilikuwa nikisema niko kazini. Fikirte aliinuka nyuma ya meza yake aone.

Nikafungua mdomo. Likaingia lote, na vidole vyake viwili, na pilipili. La pili likaja kabla sijameza la kwanza. La tatu nikalipokea macho yakinitoka machozi.

"Sasa tumepatana," akasema, akijifuta vidole. "Niulize kuhusu kesho."

"Kesho, Emama, upasuaji. Hata maji."

"Najua. Tangu saa sita za usiku. Kesho mikono yangu nitaikalia tangu alfajiri mpaka wamtoe, na kikapu kitabaki nyumbani. Naapa kwa kengele hii." Akaniinulia kidole chenye shiro. "Lakini na wewe uape. Mimi nina huyu mkwe wangu wa kunisomea. Yeye ana mume, mwanangu, ingawa yuko njiani Jibuti na lori lake. Ana mashairi yako. Wako wengine watakuja hapa kesho, na mama zao na vikapu vyao, na watapewa karatasi tu."

Tsigereda aliacha kutafuna. Fikirte pia alikuwa ananiangalia, na mgonjwa wa saa tisa na nusu, mzee mmoja aliyekuja na wake wa kaka zake wawili, mmoja wao akiwa ameficha kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chini ya benchi.

Nikameza. Nikamwambia Bi Asnakech, kwa sauti ambayo watu wote wa benchi waliisikia:

"Naapa, Emama. Hakuna mgonjwa wa nyonga atakayelala tena kwenye meza yangu kabla sijakaa naye nikamwuliza amekula nini, na kabla sijakaa na yule anayemlisha."